Upande wa Kulia wa Benchi

Shemeji yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima humwita Godoro, hata watoto ambao kwanza wangepaswa kumwamkia. Hakasiriki. Ni mpole hadi anakera; ukimtukana atakuuliza kama umekula. Hajaoa. Mama yake alipofariki yeye alikuwa mdogo, akalelewa na kaka yake, yaani mume wangu, na nilipoolewa nilimkuta tayari ana kiti chake mezani. Lakini kwa jambo moja mtu huyu ni mkaidi, na jambo hilo limekaa sebuleni kwangu, limeegemea ukuta.

Jambo lenyewe ni piano. Ilifika kwenye karakana yake pamoja na viti vya hoteli iliyokuwa inafungwa. Viti vikafuatwa, piano haikufuatwa. Kwa kuwa karakana imejaa vumbi la pamba, akaomba tuiweke kwetu. Mume wangu alikuwa kinyozi, na hakuwahi kushika ala yoyote isipokuwa mashine ya kunyolea. "Ni kwa muda tu, mke wangu," aliniambia. Nikajua hapo hapo kwamba nimeletewa mke mwenza.

Wakajifunza ukubwani, yeye na mdogo wake, wote wawili na mvi zao. Walijiunga na watu wengine wa namna yao, wanaokutana kwenye ukumbi wa chuo cha udereva kupigiana walichojifunza: muuza dawa, karani wa mahakama, mama mmoja anayeshona sare za shule. Hawakuwa na mwalimu. Waliazimana karatasi za muziki, wakatazama video kwenye simu, wakasahihishana bila huruma. Ndugu hawa walichagua dansi moja ya polepole, iliyoandikwa Ulaya zamani sana kwa watu wawili kwenye piano moja. Godoro alikaa kushoto na sauti nzito, pum-pa-pa, pum-pa-pa. Kaka yake alikaa kulia akapiga wimbo wenyewe. Benchi alilitengeneza Godoro, refu la kuwatosha, akalitia sponji na kulivika kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kochi la mtu.

Nililalamika, sitasema uongo. Kwa jinsi walivyorudia dansi ile, hata mbuzi angeishika.

Halafu mume wangu akafa. Wageni walipokwisha kuondoka, Jumamosi ya kwanza, mlango ukagongwa baada ya chakula cha mchana kama kawaida. Godoro akavua viatu, akakaa kwenye benchi upande wa kushoto, ukingoni kabisa, akaanza: pum-pa-pa. Alipiga nusu yake tu.

Nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Pale ambapo wimbo ulipaswa kuingia, uliingia. Sikuusikia kwa masikio, lakini niliusikia. Mkono ukanisimama ndani ya maji. Nikachungulia: Godoro ameinamisha kichwa, na kando yake sponji ya benchi imebonyea vilevile kama mtu bado ameikalia.

Katikati ya dansi kuna mahali alisimama. Mikono ikabaki hewani, akasubiri, kisha akaendelea. Nilijua anasubiri nini. Mume wangu akiinamia piano miwani ilimteleza, na pale, kabla wimbo haujapanda, ilikuwa lazima aipandishe kwa kidole. Walikuwa wamejifunza dansi pamoja na miwani ndani yake.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nikaanza kuiogopa sebule yangu mwenyewe. Nikawa nalala na redio. Nikipita karibu na benchi nasema samahani. Nilimpenda mume wangu, Mungu anajua, lakini mtu akifa na aende, au arudi mzima. Siyo kunijia nusu kila wiki.

"Shemeji, badilisha hiyo sponji," nikamwambia siku moja. "Imebonyea."

"Bado nzima, shemeji."

"Makochi ya watu unayatengeneza, sponji yangu ndiyo nzima? Asiyekuwepo na lake halipo."

Akanitazama kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Basi nikaenda kwa yule karani wa mahakama, nikamwomba aje kukaa upande wa kulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja na karatasi zake ndani ya bahasha na nguo zilizopigwa pasi, akakaa pale bila kuuliza. Godoro alinitazama. Nikampa kisogo.

Karani anajua kupiga. Wimbo uliingia safi, kwa wakati wake, na safari hii ulikuwa wa kusikika na kila mtu. Walipofika pale katikati, Godoro akasubiri, karani hakusubiri, wakagongana.

"Hapa hakuna kusimama, fundi," karani akasema, akimwonyesha karatasi. "Ni moja kwa moja."

"Najua," Godoro akasema.

Wakarudia, wakagongana tena. Mara ya tatu Godoro hakusimama. Dansi ikapita yote, mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Karani alifurahi, akanywa chai, akaaga.

Nikarudi kwenye vyombo vyangu. Mkono haukusimama. Usiku nikazima redio, nikalala, na nyumba ilikuwa tupu. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Jumamosi iliyofuata Godoro alikuja na sponji mpya kwapani na koleo mfukoni.

"Nimeileta, shemeji. Nilichelewa, unisamehe."

Akakaa katikati ya benchi, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akapiga nusu yake bila kusimama popote. Nikatega sikio kwa nguvu zangu zote. Palikuwa na pum-pa-pa tu.

"Unaona? Sasa inakwenda," akasema, bila furaha yoyote. Akainuka, akapiga goti, akaanza kung'oa pini za kile kitambaa cha kijani.

Nikamshika mkono. "Acha."

"Si ulisema imebonyea?"

"Imebonyea. Iache hivyo hivyo." Akashusha koleo lake. "Kaa. Siyo hapo, shemeji. Sogea."

Akasogea kushoto, hadi ukingoni. Nikasimama nyuma yake na mikono yangu yenye povu. Akaanza. Nilimwona anakaribia pale katikati, na vidole vyake, vilivyokwisha kusahihishwa, vinataka kupita. Nikamwekea mkono begani.

"Msubiri," nikamwambia. "Miwani."

Mikono ikabaki hewani. Tukasubiri wote wawili, mpaka alipomaliza kuipandisha.