Maksai Aliyesahau Kulima

Harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyolowa mvua hunirudisha Bariadi, kwenye shamba letu la pamba, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, nasi tumezoea chama cha ushirika peke yake. Baba alikuwa na maksai wawili. Ngosha alikuwa mzee na mpole, anayelijua jembe la kukokota kuliko sisi wenye shamba. Bahati alikuwa kijana mwenye papara, wala hakufundishwa na mtu; alifungwa nira moja na Ngosha, akawa anageuka mwenzake anapogeuka na kusimama anaposimama. Msimu mmoja tu, akahitimu. Mimi, binti wa miaka kumi, ndiye niliyewatangulia na kamba, na kusema kweli nilikuwa naringa tu, maana kazi waliijua wenyewe.

Siku lori la kwanza lilipokuja na muziki wake, niliwaacha malishoni nikakimbilia huko. Niliporudi niliwakuta ndani ya pamba ambayo hatujaichuma, wameivuruga vibaya. Nikachukua kisu, nikaikata kamba ya Ngosha ili uongo wangu upate shahidi.

"Ngosha amekata kamba, baba. Siku hizi amekuwa mkorofi."

"Ng'ombe akishaonja pamba haachi, mayu," alisema, akiniita mama kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, kwa upole ambao mpaka leo unaniuma. Wiki hiyo hiyo Ngosha alikwenda kwa mchinjaji.

Mvua ziliponyesha, Bahati alifungwa na maksai mgeni kutoka mnadani. Hakupiga hatua. Alisimama akigeuzia kichwa upande aliozoea kumwona Ngosha.

"Mwaka jana huyu alijua," baba alisema, akimchapa. "Amesahau vipi?"

Jibu nilikuwa nalo, nikazidi kuivuta kamba. Jifya moja haliinjiki chungu. Mwaka ule tulilima nusu ya shamba, kwa jembe la mkono, mama akiwa mjamzito.

Sasa mimi ni mwalimu. Mtoto akisahau alichokijua jana, kwanza mimi huuliza ametenganishwa na nani, na wenzangu husifu busara yangu. Si busara, ni aibu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu bado naitembea. Nyumbani siku hizi wanalima kwa trekta la kukodi. Krismasi iliyopita baba, sasa mzee, aliwasimulia wajukuu habari za Ngosha, mwizi wa pamba. Watoto walicheka sana. Nami nikacheka nao.