Kinyozi wa Idara ya Historia

Duka la kinyozi huyu lina viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu kilichopasuka pembe moja, na benchi la wanaosubiri. Liko mkabala na lango la chuo kikuu, na limepakana ukuta kwa ukuta na studio ya picha. Kwa sababu hiyo kinyozi ameujua mwenendo wa udahili kwa miaka mingi bila kusoma takwimu yoyote, ameuona benchini. Serikali ilipofungua mikopo kwa wengi, foleni ya wanafunzi wapya ilitoka nje ya mlango ikafika kwa mpiga picha. Mikopo ilipobanwa ikabaki kwa wanaosomea tiba, uhandisi na kompyuta, benchi likawa na nafasi ya mtu kujinyoosha na kulala. Baadaye vyuo vya nje vilianza kutuma mawakala wao kutafuta wanafunzi, naye akapata wateja wa namna mpya: vijana wanaonyolewa kwa ajili ya picha ya viza. Hao aliwatambua kabla hawajakaa vizuri, maana wote husema maneno yale yale. Masikio yaonekane, ndevu zisizidi, paji la uso liwe wazi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma chuoni humo. Katika ujana wake chuo kilikuwa kimoja nchi nzima. Alifaulu sekondari vizuri, hasa historia, lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko viti, akaachwa nje. Akashika mashine ya baba yake mdogo, akaanza kunyoa. Si mtu wa kulalamika. Ila mwanafunzi wa historia akikaa kitini kwake, kichwa kilichukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu ya maswali.

Mteja wake wa siku nyingi kuliko wote alikuwa mkuu wa Idara ya Historia, bwana mwembamba, mcheshi, ambaye pale dukani waliishia kumwita Daktari. Asubuhi moja alikaa kitini bila kusalimia mtu.

"Leo hata salamu imekushinda, Daktari?"

"Wanataka kutufunga, ndugu yangu. Idara isiyopata wanafunzi wapya kumi na watano inafutwa. Mwaka jana tulipata tisa."

"Tisa? Mimi huwa nimeshanyoa tisa kabla sijanywa chai."

Shemeji wa kinyozi, kaka wa mkewe aliyeshika kiti cha pili, alicheka mpaka akaondoa mashine kichwani mwa mteja.

"Chekeni tu," Daktari akasema. "Na si hapa peke yake. Kuna nchi watoto hawazaliwi tena, wanafunga vyuo vizima. Kuna nchi kusoma ni bure, wanafunzi wanakaa mpaka kwenye ngazi za ukumbi, lakini ukiwauliza, wote wamejazana kwenye biashara. Historia ni mtoto wa kambo kila ninapotazama."

"Sasa utafanyaje?"

Daktari alimtazama kupitia kioo. "Utaratibu mpya unaruhusu watu wazima kuingia kwa mtihani wa chuo chenyewe. Wewe hapo unangoja nini?"

"Mimi? Nina mjukuu, Daktari."

"Mwache mjukuu asome kompyuta."

"Usinitanie. Mimi nikiingia, naingia kweli."

"Nami nakwambia kweli. Ingia, idara isimame, nitakufundisha mwenyewe mwaka hadi mwaka mpaka uvae joho. Siku hiyo nitakusindikiza hadi mlangoni pa ukumbi."

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Huyo Daktari amekuahidi mbele ya nani?"

"Mbele ya kaka yako."

"Kaka yangu huyu anayesahau alikoweka mswaki wake?" Lakini wiki iliyofuata alirudi kutoka sokoni na begi jeusi la mgongoni, akaliweka kitandani upande wa mumewe, wala hakusema limetoka wapi.

Kinyozi aliufanya mtihani akafaulu. Zaidi ya hayo, aliwashawishi wenzake wawili: mstaafu mmoja wa posta, na mama mshonaji wa duka la pili, ambaye alikubali kwa sababu moja tu. "Kama wewe umemwamini Daktari," alimwambia, "na mimi nimekuamini wewe." Orodha ya idara ikavuka kumi na watano kwa mtu mmoja.

Mwaka ule asubuhi zote alimwachia shemeji viti viwili. Mchana alirudi, akasoma baina ya mteja na mteja, kitabu kikiwa kando ya chupa za dawa ya nywele. Maktaba walimpigia simu.

"Mzee, vitabu vyako vinarudi na nywele."

"Niwieni radhi, mama."

"Kuna za mvi na kuna nyeusi. Hata hatujui ni za nani."

Wateja walianza kumwita Profesa, kwanza kwa dhihaka. Baada ya insha yake ya kwanza kusomwa mbele ya darasa, waliendelea kumwita hivyo kwa heshima, naye akawa anageuka akiitwa. Daktari alimpiga picha akiwa na begi lake jeusi mbele ya idara. Alisema picha ile itawasaidia wengine kuthubutu.

Mwisho wa muhula wa pili, mitihani ikiwa imekaribia, Daktari aliingia dukani akakaa mahali pake pa siku zote. Kinyozi akamfunga shuka shingoni.

"Nipunguze tu, Profesa. Masikio yaonekane."

Mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma. Kinyozi aliizima.

"Na ndevu?"

"Zisizidi."

"Paji?"

"Liwe wazi," akasema Daktari, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Shemeji aliacha kufagia.

"Unakwenda lini?" kinyozi akauliza.

"Nilitaka kukwambia baada ya mitihani, usije ukavurugika."

"Lini, Daktari?"

"Mwezi ujao. Ni chuo kikubwa, ndugu yangu. Maktaba yake peke yake ni kama mtaa huu."

"Uliomba lini?"

Daktari alirekebisha shuka ambalo halikuwa na kasoro. "Mambo haya huchukua muda."

"Kabla hujaniambia niingie, au baada?"

"Nilikuwa nimeomba tu, bila uhakika wowote. Walitaka mtu aliyewahi kuinua idara iliyokuwa inakufa. Udahili wetu ulipopanda, ndipo wakanijibu."

"Kwa hiyo huo udahili uliopanda ni mimi."

"Usiseme hivyo. Wewe ni mwanafunzi wangu bora."

"Ukiondoka, nani anashika idara?"

"Wataajiri."

"Wataajiri mtu wa idara waliyotaka kuifuta mwaka jana?"

Kinyozi aliwasha mashine akamnyoa vizuri kuliko siku zote, pole pole, hata unywele mmoja nyuma ya sikio haukusalia. Alipomaliza alimfungua shuka. Kwa desturi yake huchukua kioo cha mkono na kumwonyesha mteja kisogo chake, aridhike. Siku hiyo kioo kilibaki kwenye msumari. Daktari alikaa ameinamisha kichwa akikingoja, kisha akainuka, akajigeuza kulia na kushoto mbele ya kioo kikubwa, asikione kisogo, akaenda zake studio.

Idara ilifutwa kabla ya mwaka mpya wa masomo. Dada wa ofisi ya udahili alimweleza kinyozi kwa upole kwamba anaweza kuhamia Utawala wa Biashara, ila mwaka aliousoma hauhamishiki. Ataanza upya, akae miaka mitatu kamili kati ya watoto wa rika la mjukuu wake, katika somo asilolipenda. Alimshukuru. Alirudisha vitabu maktaba baada ya kupitisha brashi ya shingo kila ukurasa. Mstaafu wa posta alicheka tu, akarudi kwenye bao lake. Mama mshonaji, tangu siku hiyo, huzunguka nyuma ya studio ili asipite mbele ya duka, na hilo ndilo linalomuuma kinyozi kuliko kulikosa joho. Aliwaomba wateja wasimwite tena Profesa. Walidhani anatania.

Miezi ilipita, simu ikalia wakati wa mchana. Sauti ya Daktari ilikuwa ile ile, yenye uchangamfu.

"Profesa, huku nimekosa kinyozi. Wananinyoa kama wanafyeka majani. Wanafunzi nao, usiseme, ukumbi mzima unapata watu wanne."

"Pole, Daktari."

"Na wewe usikate tamaa, unanisikia? Endelea kusoma. Bado nawasimulia watu habari zako."

Kinyozi aliitazama mashine mkononi mwake.

"Samahani, Daktari," akasema. "Nina mteja kitini."

Akakata simu. Shemeji alivitazama viti vyote viwili, vilivyokuwa vitupu tangu asubuhi, kisha akachukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia.