Sahihi za Chandarua

Emerensiana alikuwa na miguu isiyojua kutulia. Hata ukimkuta ameketi anachambua mchele, goti lilikuwa linacheza. Kwa miguu hiyo Mwenyekiti Adolf alimpigia debe awe mjumbe wa halmashauri ya kijiji, maana kijiji chao, upande wa Namawala, kimetawanyika, na karatasi ya mahudhurio inataka mtu wa kuizungusha. Watu walimwamini. Akisema "weka sahihi hapa," waliweka bila kusoma, na yeye, tuseme ukweli, alilipenda sana hilo.

Mwezi wa tano uliitishwa mkutano wa vyandarua. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, nusu ya kijiji ikawa mashambani inaamia ndege, na akidi haikutimia.

"Mama, wapitie huko huko waliko," Adolf akamwambia. "Vyandarua vikirudishwa wilayani, watakaougua ni watoto wetu."

Akazunguka mashambani siku mbili, akipanda dungu moja la kuamia baada ya jingine, yeye akiandika majina, wao wakiweka sahihi. Ilipobaki sahihi moja tu, akaandika ya mdogo wake, Dativa, aliyekuwa amelazwa hospitali Ifakara. Kwa ajili ya vyandarua, aliona si kosa la kumkosesha mtu usingizi.

Mwezi wa saba alikwenda ofisi ya kijiji kufuata barua, akakuta jalada limeachwa wazi mezani. Juu kulikuwa na muhtasari: mkutano mkuu umeridhia kumpa mwekezaji mbuga ya mpunga ya ng'ambo ya mto, ekari mia tatu. Ndiyo mbuga anayolima Dativa na karibu nusu ya kijiji. Chini yake zilibanwa karatasi za sahihi za mwezi wa tano, ambazo juu hazikuandikwa ni za mkutano gani. Majina yote yalikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, mpaka namba themanini na mbili, Dativa.

Alimfuata Adolf nyumbani.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Zile sahihi zilikuwa za vyandarua."

"Marahaba, mama." Adolf hakupandisha sauti. "Na ile ya Dativa, aliiweka nani?"

Kisha akamkaribisha chai. Emerensiana hakuigusa.

Wiki mbili zilizofuata alifagia uwanja mpaka vumbi likaisha. Akinyamaza, mbuga inakwenda. Akisema, kughushi ni kesi, na uso ataupeleka wapi kanisani? Alimchukia Adolf, halafu akajichukia zaidi, kwa sababu Adolf hakumlazimisha kuandika jina la mtu.

Afisa wa wilaya alipokuja kuhakiki, alisoma muhtasari mbele ya mkutano mkuu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekubali. Adolf alikuwa anajipepea kwa kofia. Emerensiana akasimama.

"Hizo sahihi nilizikusanya mimi, za vyandarua. Wengine niliwafuata shambani, mkutanoni hawakuwepo. Na namba themanini na mbili nimeghushi. Siku hiyo Dativa alikuwa wodini, muulizeni mwenyewe."

Zogo likazuka. Mtu akamwita mwizi, na hakuwa Adolf aliyeitwa. Afisa akasubiri watulie, akafunga jalada. Karatasi zile hazifai, akasema, mbuga inabaki ilivyo, na wote wawili, mwenyekiti na mjumbe, watafika wilayani kujieleza. Halafu akatoa karatasi mpya ya mahudhurio ya siku ile.

Kwa mazoea Emerensiana akanyoosha mkono. Dativa akamuwahi. Akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, MKUTANO WA MBUGA, HATUJAIGAWA, akasoma kwa sauti, akaweka sahihi, akampa jirani. Jirani naye akasoma kwanza. Karatasi ikaenda hivyo, polepole, mstari kwa mstari, ikampita Emerensiana kama hayupo.

Ilipomaliza kuzunguka, Dativa akaileta mwenyewe. Hakumwachia karatasi. Aliishikilia kwa mikono miwili, akamwonyesha mstari wa mwisho uliobaki wazi.

"Weka hapa, dada," akasema. "Ya kwako tu."