Hewa Safi ya Mama

Kifua cha mama hubana kila moshi wa volkano unaposhuka huku Gisenyi. Dukani nilizipita mashine za kusafisha hewa tu, nikanunua inayosafisha hewa na pia kupasha chumba joto na kukipoza, maana usiku wetu ni baridi na mchana ni vumbi. Mimi ni fundi cherehani, lakini siku hiyo nilijiona daktari. Hata imbabura, jiko lake la mkaa, nililitoa chumbani.

Kila asubuhi nilimuuliza, naye alijibu, "Iko muzuri, mwanangu." Nikatangaza mtaa mzima.

Ijumaa, baada ya swala, majirani walikuja kumjulia hali. Nikataka waone uchafu niliomwepusha nao. Nikafungua mgongo wa mashine, nikachomoa chujio mbele yao.

Lilikuwa jeupe kama sanda, bado limo ndani ya nailoni ya kiwandani. Mifuko ya nailoni ni marufuku nchi nzima. Mmoja nilikuwa nimeuweka kati ya mama yangu na pumzi yake.

"Donc, kwa hiyo hewa ilikuwa inapita wapi?" jirani mmoja akauliza polepole.

Nikamgeukia mama. "Si ulisema unapumua vizuri?"

"Mi niliona umefurahi," akasema, kisha kikohozi kikamkatiza.