Usinunue kwa Meno

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, naikumbuka kwa meno. Na kwa kuwa kesho unakwenda kununua zawadi za harusi, kaa hapa kwanza unisikilize.

Kaka yangu Salimu alikuwa anaoa Mlingotini. Zilibaki siku mbili tu. Mimi ndiye niliyemshonea kofia ya kuvalia nikaha, kofia nyeupe ya viua vidogo vidogo, kazi ya miezi mitano, na nilikuwa nimeringa, sikufichi. Niliamini Bagamoyo nzima hakuna binti mwenye mkono kama wangu. Lakini nilikuwa na siri. Kwenye mshono wa nyuma nilichoka, nikapiga mishono mirefu ya haraka bila kufunga mafundo, kisha nikaitia wanga na pasi isionekane.

Wadachi, hao Wajerumani, walikuwa bado hawajapandisha bendera yao mjini. Alikuja Mwarmeni mmoja na mkewe, watu wa nchi ya Mturuki, wakapanga chumba karibu na wanakofikia wasafiri wa bara. Wakauza kazi za mikono za kwao: mikanda ya fedha, vikoba vya tarizi, mpaka soksi nene za sufu, sijui waliambiwa huku kwetu kuna baridi gani. Mama akanituma na shangazi yangu, Bi Mwanaidi, tukamchagulie bi harusi zawadi. Ile kofia nilikuwa nayo kikapuni, tukitoka pale nimpelekee Salimu aijaribu.

Mwarmeni akatutandikia kitambaa cha kichwa chenye ukingo wa lesi, laini hata unaogopa kuupumulia.

"Mke wangu kafanya kwa sindano," akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja. "Sindano na uzi, basi."

Chumba kilijaa wanawake, nami nikataka wanisikie. Tena nilitaka kukishusha bei.

"Hii ya mtambo wa Ulaya," nikasema. "Mshonaji kama mimi nadanganywa? Kazi ya mkono hii hapa!" Nikaitoa kofia ya Salimu nikaitua mbele yao. "Ya mtambo ukikata uzi mmoja, yote hufumuka. Tazameni."

Shangazi alinyoosha mkono anizuie. Alichelewa. Nilishaitia lesi mdomoni na kuukata uzi kwa meno.

Yule mke, aliyekuwa kwenye mkeka nyuma akishona, akainuka. Akanishikisha ncha ya uzi niliyoikata, akasema neno kwa lugha yao.

"Vuta," mumewe akanitafsiria.

Nikavuta. Haikufumuka. Nikavuta kwa nguvu mpaka uzi ukaniumiza kidole. Tundu moja tu ndilo lililoachia, mengine yote yalikaa palepale, maana kila tundu lilikuwa na fundo lake. Nikasikia mtu nyuma yangu anaguna.

Yule mama akaichukua kofia ya Salimu. Kwa mkono wa pili akachukua mkasi.

"Mke wangu auliza," mumewe akasema polepole, "naye akate, tujue?"

Mshono ule ukiguswa tu, kofia yote inaachia. Wanawake wale wale ndio wangekuwa harusini, na Salimu angekwenda kuozwa amevaa kofia ya kuazima kwa sababu ya mdomo wangu.

"Nakuomba, bibi," nikasema. "Ni ya kaka yangu. Usikate."

Akaigeuza ndani nje. Vidole vyake vikapita kwenye mishono, taratibu, vikasimama palepale nilipoharakisha. Akaniangalia. Mkasi ulikuwa wazi bado. Shangazi akasogea ili aone, na mimi nikajua nimekwisha.

Yule mama akaweka kidole gumba juu ya ile mishono, akaifunika. Akaikunja kofia hivyohivyo, akanirudishia, akasema jambo moja, mumewe akalitafsiri watu wote wasikie: "Kazi ya mkono."

Shangazi hakujua mpaka anaingia kaburini.

Alichokijua kilimtosha. "Vua bangili," akaniambia mbele ya watu. Nikaivua bangili yangu ya fedha, tukapewa kile kitambaa. "Hicho chako. Bi harusi hapewi kitu ulichokitafuna." Akamchagulia kingine. Nyumbani niliufumua mshono wote wa nyuma nikaushona upya, fundo kwa fundo, huku nalia kwa aibu. Salimu alioa nayo.

Kitambaa chenyewe ndicho hiki. Tazama nilipokata. Miaka hamsini nakifua, na tundu halijaongezeka hata moja. Leo nakupa wewe.

Kesho utakapokuwa dukani, mwanangu, uliza, shika, geuza, omba wakupunguzie. Bei ikikushinda, sema imenishinda, shukuru, uondoke. Usiitukane kazi ya mtu ili uipate rahisi, maana ndani yake mna siku zake ambazo hakuna wa kumrudishia. Na siku mkasi utakapokuwa mkononi mwako wewe, ukauona mshono mbovu wa mwenzio mbele za watu, weka kidole gumba hapo.

Mwenyezi Mungu akusitiri, mwanangu, kama nilivyositiriwa na mtu niliyemharibia kazi yake, wala jina lake sikuwahi kumuuliza.