Mpira wa Chini wa Gus Rademacher

Gus Rademacher alikuwa mtengeneza mapipa kabla hajaanza kulipwa kwa kucheza besiboli, na kazi zote mbili alizifanya bila maneno mengi. Uwanjani neno lake lilikuwa moja tu. Akishika gongo, mwamuzi alimwuliza, "Wa juu au wa chini?" Naye alijibu, "Chini." Sheria ilimlazimu mrushaji ampe alichoomba, kati ya kiuno na goti, na mpira wa hapo Gus alikuwa akiupiga ukavuka uzio na kuangukia paa la kiwanda cha bia. Mji mzima wa Harlan Ferry ulijivunia paa lile lililojaa matundu.

Kisha wakubwa wa mchezo, ambao nadhani gongo wanaliona kwenye picha tu, wakaifuta sheria hiyo kabla ya msimu wa 1887. Mrushaji sasa arushe apendavyo, na mpigaji atajijua mwenyewe.

Gus hakujijua. Wa juu aliupiga ukiwa umeshapita. Ukija wa chini, wake mwenyewe, bado alikuwa anangoja wa juu. Msimu ukaenda, paa halikuguswa, na nahodha Feeney akamwambia wazi kwamba Jumamosi inayofuata asipopiga, Jumatatu arudi kwenye mapipa.

"Mikono ni ileile," alimwambia mkewe Ottilie, soseji zikimpoa mezani. "Macho yaleyale. Sasa kimepotea nini?"

"Kula, Gus. Mapipa yalitulisha zamani, yatatulisha tena."

"Sitaki mapipa!"

"Basi piga."

"Ndiyo hilo! Nilikuwa napiga, lakini sijui nilikuwa nafanyaje."

Jumamosi wageni walimleta Tolliver, mrushaji mkongwe aliyepambana na Gus tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Gus akakosa, akakosa tena. Zamu yake ya mwisho ilipofika, wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi moja na mwenzao mmoja alikuwa kituoni akingoja pigo la kumrudisha nyumbani; mpira ukivuka uzio, wangerudi wote wawili na kushinda. Gus akasimama pale, hajui aweke miguu wapi. Neno likamtoka lenyewe.

"Chini!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Huyo anadhani yuko baa! Mleteeni na kabichi!"

"Hakuna kuagiza siku hizi, babu!"

Mwamuzi alikuwa bado anatikisa kichwa wakati mkono wa Tolliver ulipozunguka. Mpira ukaja wa chini, taratibu, palepale pa siku zote. Gus akaupiga, na paa la kiwanda likalia.

Akazunguka vituo vyote kama mtu aliyeamshwa ghafla. Watu walikuwa wakimrushia kofia, naye akamwona Tolliver amesimama akiutazama mkono wake mwenyewe. Feeney akamkumbatia na kumwambia nafasi yake ni yake. Gus akasema asante, ingawa hakuwa na hakika nani ashukuriwe.

Jumatatu alipita karakana ya mapipa kuchukua nyundo yake aliyoiacha huko. Akamkuta Tolliver amevaa aproni, anahangaika na ubao. Timu yake ilikuwa imemfukuza palepale uwanjani, ikapanda treni bila yeye, naye akaomba kazi hapo.

"Tolliver, ndugu yangu," Gus akasema, "mbona ulinipa wa chini?"

"Si uliomba?"

"Lakini sheria imefutwa!"

"Najua imefutwa. Mkono ndio haujui." Tolliver akauweka ubao chini. "Nawe Jumamosi ijayo, mbele ya warushaji vijana, utamwomba nani?"

Gus akautazama ule ubao uliolala chini. Akavua koti, akaichukua nyundo yake ya zamani, akaketi kumwonyesha ubao unavyoshikwa.