Boneti Isikatwe: Fundi wa Voi na Jaguar ya Bwana Kilonzo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya soko la Voi, Zephaniah Mwanyumba ameinamia injini inayonguruma, kipande cha mpira wa maji kikiwa sikioni. Ncha ya pili ameielekeza kwenye mdomo wa kabureta. Anasikiliza. Anahamia kabureta ya pili, anasikiliza tena, kisha anakaza skrubu robo mzunguko.

"Zote mbili zivute pumzi sawasawa," anasema bila kuinua kichwa. "Moja ikivuta kumzidi mwenzake, injini inachechemea."

Gari lenyewe ni Jaguar ya milango miwili, ya mwaka 1959, pua ndefu, mgongo uliolala. Voi nzima, mwaka huu wa 1980, haina jingine. Juu ya boneti yake kuna miraba minne iliyochorwa kwa chaki. Hapo ndipo patakapokatwa matundu kesho Ijumaa, ili injini ipate hewa, iwapo gari litachemka leo kwenye mlima wa Wundanyi. Mwanzia, fundi wa kuchomelea, ameshaleta mtungi wake wa gesi na kuuegemeza ukutani.

Zephaniah, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hautazami mtungi ule.

"Bati hili lilikunjwa na watu walioijua kazi yao," anasema. "Ukilikata, limekatika. Hakuna spana ya kulirudisha."

Alizaliwa Mbololo. Mwaka 1955 aliajiriwa kuosha vyuma katika karakana ya shamba la mkonge, na miaka sita baadaye mhandisi wa shamba, Mwingereza, akaleta gari hili. Mhandisi hakuruhusu mtu mwingine kuligusa ila Zephaniah. Alipoondoka mwaka 1971 alimuuzia Bwana Kilonzo, mwenye malori. Zephaniah aliachiwa kitabu cha matengenezo, ambacho kurasa zake leo zimejaa alama za vidole vya grisi.

Mwaka uliofuata alifungua gereji yake. Mwezi mzuri humwachia shilingi mia tisa hivi, na shamba la mboga la mkewe, Peris, kule Bura, huziba panapopungua. Halalamiki. Kazi anaipenda, na anayempenda fundi huyu ni rahisi kumpata Voi.

Tatizo lilianza mwaka jana. Bwana Kilonzo analipenda gari lake, ila hawezi kuliacha lilivyo. Alilipeleka Mombasa "likaongezwe nguvu". Likarudi na kabureta tatu zilizoachama midomo, matairi mapana yaliyokwaruza bodi, jani la chuma la ziada katika springi za nyuma na ekzosi iliyopiga kelele hadi wagonjwa wa zahanati wakatuma mtu kuomba huruma.

Siku ya kwanza watu walipiga makofi. Wiki ya pili gari lilikohoa, kwani kabureta zisizo na kichujio zilikuwa zikimeza vumbi jekundu la Voi. Wiki ya tatu lilichemka kwenye kona za Josa, chini ya Wundanyi, likarudishwa mjini kwa kamba.

Na Jumamosi hii Mutindi, binti wa kwanza wa Bwana Kilonzo, anaolewa Wundanyi. Baba ameapa kumfikisha kanisani kwa Jaguar. Kwake dawa ilikuwa moja tu: boneti itobolewe.

"Fundi, wewe unataka gari likae kama maiti kwenye jeneza, lisiguswe," alimwambia Zephaniah mbele ya wateja.

"Na wewe, mzee, unalivalisha makoti matatu kwenye jua la Voi, halafu unauliza mbona linatoka jasho."

Watu walicheka. Zephaniah, kwa kunogewa, akasema neno ambalo angelimeza kama angeweza: gari likirudi kama lilivyotoka kiwandani litapanda, na lisipopanda atamshikia Mwanzia taa akilikata.

Bwana Kilonzo alimpa majaribio mawili.

Vyuma vya zamani vilivyovuliwa Mombasa Zephaniah alikuwa navyo vyote, vimefungwa kwa magunia ndani ya kreti. Alirudisha kabureta mbili na vichujio vyake, ekzosi ya kwanza, rimu za waya. Jumanne akashika barabara. Ni desturi yake: hakuna gari linalotoka gereji yake kabla ya kupanda Josa, na mahakimu wake ni akina mama wanaouza kabichi kando ya kona.

Kwenye kona ya tatu geji ya joto iligusa mwisho. Mvuke ukafunika kioo.

"Fundi!" alipaza sauti Mbeyu, mmoja wa wachuuzi hao. "Leo umetuletea chai? Ina maziwa?"

"Nilicheka nao," anakumbuka Zephaniah. "Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nimelaumu vyuma vya Mombasa mwaka mzima, na sasa havimo, na gari bado linachemka."

Nyumbani alimsimulia Peris, pamoja na utani wa chai. Peris hakucheka. Alichukua birika jikoni, akalifunua na kuielekeza ndani yake kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai.

"Baba Tryphena, haya ni maji ya mfereji wa Voi ya miezi miwili tu," alimwambia. "Hili nalisugua kwa ukwaju. Hiyo rejeta yako unaisugua na nini?"

Zephaniah aliukwaruza ukoko kwa ukucha. Kwa miaka minane alikuwa akijaza rejeta ile, tangi la kupozea injini, kwa maji yale yale. Zamani mhandisi alitumia maji ya mvua kutoka tangi la shamba, na Zephaniah alidhani ni madaha ya wazungu tu.

"Nilijua kila nati ya gari lile," anasema, "na nikasahau kinachomiminwa ndani."

Jumatano asubuhi Peris alinunua kilo sita za ukwaju sokoni, akauchemsha na kuuchuja mwenyewe. Waliumimina ndani ya rejeta, injini ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa tena, mchana kutwa. Walipofungua bomba la chini ulitoka uji wa kijivu wenye vipande vigumu. Wakasuuza mara nne, kisha wakajaza madebe mawili ya maji ya kijito cha Bura.

Sasa, saa mbili kasoro, Jaguar inaianza Josa. Bwana Kilonzo amekaa kando ya dereva, jicho kwenye geji. Kona ya kwanza, sindano iko katikati. Ya pili, inasogea kidogo. Ya tatu, Mbeyu anasimama na kabichi mkononi, tayari kwa maneno. Gari linampita likivuma kwa sauti nzito, tulivu.

"Aka! Leo hakuna chai!" anaita nyuma yao.

Wundanyi wanashuka. Zephaniah anaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo. Bwana Kilonzo analizunguka gari mara mbili, anatoa kitambaa mfukoni na kuifuta chaki mwenyewe.

"Umenishinda, fundi."

"Nusu, mzee. Lile jani la springi la Mombasa nimeliacha, linainua gari. Kwa mawe ya barabara hii, zamani ekzosi ilikuwa ikiparuza kila safari. Walikosea mengi, hilo walipatia. Na tukilichoka, ni boliti nne tu."

Swali ambalo wateja wamebishania mwaka mzima, kama gari la aina hii huboreshwa au huharibiwa kwa kuongezewa vitu, Zephaniah sasa analijibu hivi: ongeza unachoweza kukifungua. Kabla hujaongeza, safisha.

Mipango yake ni tangi la maji ya mvua gerejini kabla ya masika, na Jumamosi, kuendesha Jaguar hadi mlango wa kanisa, bibi harusi akiwa ndani.

Lakini Bwana Kilonzo, wakiteremka kurudi Voi, ameshapata wazo jipya. Anataka redio ya kaseti, na spika mbili milangoni. Matundu mawili tu, madogo.

Zephaniah anabadilisha gia kabla ya kujibu.

"Nitakutengenezea kisanduku cha mbao, mzee, kikae nyuma ya kiti," anasema. "Kesho kitakuwa tayari. Siku utakayochoka na muziki tunakitoa, na milango yako iko mizima."